Hati ya Chumvi

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa, si yanayomaanishwa.
Waliniambia hivyo siku ya kwanza,
wakanipa vipokea sauti na kiti kinacholia.
Kikohozi hakiandikwi.
Kicheko huandikwa, lakini ndani ya mabano. Makofi vilevile.
Kimya hakina alama.

Jumanne, saa tatu na dakika kumi na mbili,
swali nambari saba, la Mheshimiwa Rukia Shekue:
je, Waziri anafahamu kwamba Kisimani
hawajaona maji ya bomba tangu Mfunguo Sita?

Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti.
"Mheshimiwa Spika, nafahamu."
Akakaa.
(Kicheko.)

Swali la nyongeza: sasa ana mpango gani?
"Mpango upo. Upembuzi yakinifu umekamilika,
zabuni iko katika hatua za mwisho,
mfadhili ameonyesha nia."
Niliyaandika kabla hajayasema.
Ndiyo yale ya mwaka jana, nimeyawekea kitufe kimoja:
nabonyeza, mpango watoka mzima mzima,
na mfadhili wake, na nia yake.

Basi Rukia akainamia mkoba
akatoa chupa iliyokuwa ya sharubati,
imeoshwa, imebanduliwa nembo, kizibo cha kitambaa.
Akaitua mezani.
"Haya ndiyo mai ya Kisimani.
Mtaa una jina la kisima, na kisima kina bahari ndani.
Mwenzangu na apige funda, moja tu,
kisha anambie: ni mai, au ni mchuzi ulokosa samaki?"

(Kwa kanuni za ofisi yetu "mai" naandika "maji".
Mchuzi niliuacha kama ulivyo.)

Hoja ya nidhamu! Mheshimiwa Mwalupa, upande wa serikali:
kinachowekwa mezani ni hati, na chupa si hati.
Ina tarehe? Ina sahihi?
"Sahihi yake i ulimini," akasema Rukia. "Onda."
Spika akapekua kitabu cha kanuni robo saa nzima,
feni ikizunguka,
kizibo kikivuja polepole bila kuombwa ruhusa.

Nami nikamkumbuka dada yangu Kibibi, akaaye huko huko.
Akiita "Ndoo!" wanawe hawajui
ni wao waitwao ama ni ndoo.
Wanakuja tu, na ndoo mkononi,
hata siku anayotaka kuwasuka nywele.

Uamuzi wa Spika: chupa iondolewe,
na kila neno liihusulo lifutwe katika kumbukumbu.
Nikafuta mistari kumi na tisa.
Ukisoma hansadi ya siku ile
utamwona Waziri akijibu, kisha Bunge likienda kunywa chai.
Chai ilikuwa na tangawizi.
Maji yake yaliletwa na lori.

Alasiri Mzee Chigulu wa usafi
alipitisha kitambaa pale mezani mara tatu.
Lilibaki duara jeupe, upana wa kitako cha chupa.
"Chumvi imeingia kwenye vanishi," akasema,
"hii yataka msasa.
Niandikie ombi, si wewe ndiye mwandishi?"
Nikamwambia zabuni iko katika hatua za mwisho.
Akacheka, bila mabano,
akakamua kitambaa chake dirishani.

Jumanne iliyofuata Waziri alikuja na faili nene,
akaliweka juu ya lile duara, likafunika nusu.
Akasimama. Akafunga kifungo.
Nikaweka kidole juu ya kitufe.